Shefu Hapigi Hodi

Kwa miaka yote niliyomjua, Shefu hakuwahi kupiga hodi kwa mtu. Alisimama nje ya ua, akatoa sauti mbili kutoka kifuani, mdomo umefungwa, ya kwanza ndefu na ya pili fupi, kama mtu aliyeshiba ugali anayeegemea kiti. Sisi wanafunzi wake tulimjibu vivyo hivyo kutoka ndani, naye akaingia. Majirani walitucheka sana. Mama mkubwa, dada yake mama yangu, ambaye nilikaa kwake katika mtaa wa Lumumba, alisema mwalimu wetu ana kifua kibovu na tumpeleke kwa daktari badala ya kumwitikia.

Kifua chake kilikuwa kizima. Sauti ile ni ya gorila. Gorila akiwa anakula na moyo wake umetulia, huitoa ili wenzake waliojificha majanini wajue yuko wapi na kwamba hakuna ubaya. Mwenzake akiwa naye ametulia, hujibu. Binadamu anayewaendea gorila hujifunza kuitoa kabla ya kuonekana, na maana yake ni moja tu: ni mimi, usiogope.

Sitamtaja jina. Tulimwita Shefu kwa sababu chuoni kwetu Bunia alikuwa chef de travaux, cheo kilicho juu ya asistanti na chini ya profesa, na huko chini ya profesa ndiko alikokwama mpaka vita ikatukuta. Namwandika kwa sababu karibu kila kitu ninachokijua kuhusu msitu ni yeye aliyenifundisha. Namwandika pia kwa sababu alimtoa Dido, mwanafunzi mwenzangu, mafichoni kwa sauti hiyohiyo. Nalisema mapema ili msomaji asije akampenda bure, kama tulivyompenda sisi.

Kila likizo kubwa alichagua wanafunzi wachache wa biolojia akatupeleka Uganda, tujitolee katika msitu mmoja wa milimani huko kusini, ambako gorila walikuwa wakizoeshwa watu. Tulishuka Kasenyi, tukavuka ziwa kwa boti, tukapanda magari mpaka mgongo ukasahau umbo lake. Kazi yenyewe ilikuwa kuamka, kwenda pale gorila walipolala jana, kuangalia viota vyao vya majani, kisha kufuata nyayo zao taratibu mpaka tuwafikie. Tukiwafikia tulikaa chini. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi kubwa, kukaa chini. Dume mkubwa alipotujia mbio akipiga kelele, tuliinama, tukatazama ardhi, tukajifanya tunatafuna majani. Mwanzoni kila mmoja wetu alilia, na anayekataa ni mwongo.

Mama mkubwa hakuielewa safari hiyo hata kidogo. Siku hizo askari wa Uganda walikuwa mjini kwetu, na yeye alipokuwa akinifungia mihogo ya njiani alikuwa akinung'unika.

"Bale banakuya kwetu na bunduki," alisema, "na nyiye munaenda kwabo kulinda makaku?"

Nilimwambia gorila si makaku, si kima. Akasema kwake wote ni nyama wenye mikono.

Shefu alikuwa na masharti ambayo nikiyataja leo wanafunzi wangu hudhani natia chumvi. Wiki nzima kabla ya safari tulioga kwa sabuni isiyo na harufu. Marashi yalikuwa kosa. Shati la msituni lilikuwa la rangi ileile kila siku, la kwake lilikuwa la kijani lililopauka, na alilivaa mpaka kola ikaisha akaigeuza ndani nje. Hatukuruhusiwa kunyoosha kidole tukimwona mnyama. Tulipoondoka mbele ya gorila tulirudi kinyumenyume, macho chini, hakuna kumpa mgongo. Na sharti lililozidi yote: mwenye mafua haendi, hata kama amesafiri kutoka mwisho wa dunia, kwa sababu gorila hana dawa ya ugonjwa wetu.

Hili la mafua nililiona likimkamata mwenyewe. Tulifika kambini akaanza kupiga chafya asubuhi iliyofuata. Angeweza kusema ni vumbi la barabara, nani angembishia? Hakusema. Alitukabidhi kwa watafuta nyayo wa pale, yeye akabaki kambini safari nzima akituoshea masufuria na kutupikia maharage. Tulirudi jioni tukimsimulia tuliyoyaona, naye akasikiliza huku anafikicha kijiko kwa majivu, akiuliza yule jike mwenye sikio lililochanika anaendeleaje. Hakuwaona gorila hata mara moja mwaka ule. Ndiyo maana nilikuwa tayari kuapa kwa jina la mtu huyu. Mtu aliyekataa kumkoholea mnyama, ungemdhania nini?

Lakini alikuwa na vituko, tena vingi. Sukari ya kambi alilala nayo chini ya mto. Nywele zake zilikuwa zimeanza mvi, na kila baada ya majuma kadhaa alizipaka dawa nyeusi, akidhani hatujui, ilhali mvua ya milimani ilimshushia michirizi myeusi mpaka shingoni. Dido ndiye aliyesema kwamba msituni dume akiota mvi mgongoni anapewa ukoo wote, na Shefu wetu anazificha kwa kuogopa madaraka. Tulicheka mpaka akatusikia. Alimtazama Dido, akatoa ile sauti ya kifuani, ndefu na fupi, akaenda zake kulala.

Dido alikuwa mtoto wa wakulima wa Djugu. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye meno yaliyoachana, na katika sisi wote ndiye aliyeitoa sauti ile vizuri zaidi. Mimi yangu ilikuwa nyembamba. Ya Dido ilitoka chini kabisa, mara nyingine gorila walimjibu yeye wakamwacha Shefu. Mwalimu mwenye wivu angechukia. Shefu alifurahi, akamvulia shingoni busola yake mwenyewe, dira ya kuonyesha njia, iliyokuwa na kamba ya kitambaa, akampa mbele yetu, pamoja na ramani ya msitu iliyokwisha kuchakaa kwenye mikunjo. Dido alivaa busola ile hata kanisani.

Kambini kulikuwa na wanafunzi wengine wa kujitolea, Wazungu waliokuja kwa ndege. Walikuwa na viatu vizuri, sisi tulikuwa na bote za plastiki. Walitupenda, wakatupigia picha. Mmoja wao, msichana mwenye macho ya huruma, alimuuliza Dido kwa nini mtu ambaye kwao kuna vita anatumia likizo yake kumlinda gorila wa nchi nyingine badala ya kubaki kusaidia watu wake. Dido alimgeukia Shefu. Shefu akajibu kwa Kifaransa, polepole, kwamba aliyeweza kukaa chini mbele ya mnyama anayeweza kumvunja shingo, na asikimbie wala asimpige, ataweza kukaa na jirani yake. Akasema hiyo ndiyo inayomleta.

Na kweli alikuwa akifanya hivyo. Hemani alitupanga makusudi, wale ambao koo zao nyumbani zilikuwa zimekwisha kuchomeana nyumba akawalaza pamoja. Mimi watu wangu ni wa Mahagi, ugomvi ule haukuwa wetu, lakini niliona wavulana waliokuja wakiwa hawatazamani usoni wakirudi wanakula sahani moja. Alituzoesha, siwezi kulikana hilo.

Maneno yake mengi nimeyasahau. Moja halisahauliki, alilisema kila safari, jioni ya kwanza, akiwa amechuchumaa karibu na moto:

"Ukimuzoesha nyama, umemunyanganya woga yake. Ile woga ndiyo ilikuwa mulinzi yake. Sasa mulinzi ni weye."

Aliongeza kwamba kwa hiyo sauti ile haichezewi. Usiitoe ukiwa na hasira, usiitoe ukiwa na mtu usiyemjua nyuma yako, usiitoe kumvuta mnyama mahali asipotaka. Ukiitoa usijibiwe, rudi nyuma. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuitoa kwa mchezo ili Wazungu wapate picha nzuri, Shefu akamrudisha Bunia kesho yake, peke yake, njia yote ile.

Sasa nieleze siku yenyewe.

Mji wetu ulipigwa, ukaangukia mikono mingine, ukapigwa tena, na kila walioushika walitafuta watu wa upande mwingine nyumba hadi nyumba. Safari hii waliingia katika chumba alichopanga Dido, wakakuta busola na ramani. Msitu wa Uganda, gorila, kujitolea, nani angewaelezea hayo wakaelewa? Kwao mwanafunzi wa Djugu mwenye busola na ramani alikuwa ndiye anayewaonyesha adui zao njia. Bahati yake hakuwepo. Alikimbilia kwetu Lumumba, akiwa na shati tu, na Mama mkubwa akamficha stoo, nyuma ya magunia ya muhogo. Hatukumwambia mtu. Shefu hatukumwona tangu risasi zianze, tulisikia tu kwamba amepata lori la kumpeleka mkewe na watoto Mahagi.

Ilikuwa mchana, mvua imekatika, barabarani kimya. Nilikuwa stoo nampa Dido maji. Tukaisikia sauti kwa mbali, upande wa juu wa avenyu. Ndefu, fupi. Kimya. Ikarudi, sasa karibu zaidi, nyumba ya pili au ya tatu. Mtu alikuwa akitembea nayo mtaa mzima kwa sababu hakujua Dido amejificha nyumba ipi.

Nilimwona Dido usoni. Siku zote alizokaa stoo alikuwa mtu mwingine, amekauka, hali chakula. Sasa meno yale yaliyoachana yalionekana. Kabla sijafungua mdomo alikwisha kujibu, kutoka chini kabisa, kama msituni. Sauti ya nje ikajibu mara moja, ikaja moja kwa moja hadi kwenye ua wetu.

"Ni Shefu," alisema. "Amekuya kunichukua."

Mama mkubwa alikuwa mlangoni. Alimshika mkono.

"Dido, mutoto yangu, ngojea. Mutu muzuri anapiga hodi."

Dido alicheka. Aliuondoa mkono wake taratibu, kwa heshima, akamwambia, "Mama, huyu hapigake hodi," akatoka.

Shefu alikuwa katikati ya ua na lile shati lake la kijani lililopauka. Nyuma yake, kwenye fensi ya minyaa, walitokea vijana wenye bunduki, na mmoja wao alikuwa ameivaa busola shingoni kwa kamba yake ya kitambaa. Shefu hakumtazama Dido. Aliinamisha kichwa akatazama ardhi, hivyohivyo alivyotufundisha kufanya mbele ya dume lenye hasira.

"Shefu?" Dido alisema.

"Kuya tu, Dido. Banataka kukuuliza maulizo."

Dido hakukimbia. Nimelifikiria sana hilo. Alikuwa na miguu mirefu, ukuta wa nyuma ulikuwa mfupi, na mtu mwenye woga angejaribu. Lakini woga wake alikwisha kumpa mtu mwingine amtunzie. Alitembea nao mpaka barabarani, wakaelekea upande wa Iga Barrière, kwenye kizuizi cha barabara ya Mahagi, na hatukumwona tena. Baba yake alikuja mjini baadaye pamoja na wakimbizi wa Djugu, akazunguka akiuliza kila mahali, mpaka akafika kwetu. Mama mkubwa ndiye aliyemweleza. Mzee yule alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu, kama ni yule mwalimu ambaye mtoto wake alikuwa akimsifu.

Watu husema mengi. Wapo walioniambia lori la Mahagi lilikuwa limezuiwa Iga Barrière, mke wa Shefu na watoto juu yake, na kwamba aliambiwa amlete yule mwanafunzi wa ramani ndipo lipite. Lori lilipita, hilo ni kweli. Kama ni hivyo, basi alichagua watoto wake, na damu ni nzito kuliko maji, mimi sina mtoto, siwezi kujifanya hakimu. Wengine walisema aliamini kweli kwamba ni maswali tu. Nimejaribu kuyakalia maelezo yote mawili, kila moja kwa zamu, kama nilivyofundishwa kukaa. Hayanitulizi. Wangemtuma abishe milango, ningesema alilazimishwa kutembea. Wangemtuma amwite kwa jina, Dido angebaki kimya nyuma ya magunia, na nyumba yetu ingepitwa kama nyingine. Wale vijana hawakuijua sauti ya gorila. Hakuna aliyewaambia kuna sauti kama hiyo. Yeye ndiye aliyejua kwamba katika Bunia nzima kuna kitu kimoja ambacho Dido hataweza kukinyamazia, akakitoa mwenyewe, kutoka kifuani mwake, na watu asiowajua nyuma yake.

Amani ilipokuja, au hicho tunachokiita amani, nilimaliza masomo, chuo kikaniajiri. Sasa ni mimi ninayewavusha wanafunzi kwenda msitu uleule. Sauti bado naitumia. Gorila hawakunikosea, na wao hawajui nyingine. Lakini kila ninapoitoa, naitoa na hasira, kwa sababu ni ya kwake, aliniachia kooni sina pa kuitema. Lile neno lake la kando ya moto nalisema pia kwa wanafunzi. Siwaambii nani aliyelisema.

Yeye aliishi Uganda miaka mingi, akasomesha huko. Aliporudi Bunia watu hawakumgusa. Mji wetu umejifunza kusalimiana na kupitana. Alinitumia ujumbe kwa dereva wa chuo, akiomba nimchukue katika safari inayokuja, hata kama ni kuosha masufuria, awaone gorila mara moja tu kabla hajafa. Sikujibu. Akatuma tena. Sikujibu.

Basi akaja mwenyewe. Ilikuwa Jumamosi, niko barazani naosha bote za wanafunzi, Mama mkubwa amelala ndani, siku hizi analala sana. Nilimwona kupitia minyaa kabla hajanena neno. Ameacha kupaka dawa. Kichwa kilikuwa cheupe chote, na mabega yameshuka. Alisimama nje ya ua, akafunga mdomo, akaitoa.

Kifua changu kilianza kujibu chenyewe. Nilikizuia kwa kiganja, mkono wangu wenye tope nikauweka mdomoni nikabana. Alisubiri, kichwa ameinamisha kidogo upande, akitega sikio. Najua alikuwa anahesabu pumzi, alitufundisha kuzihesabu. Halafu nikasikia neno ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake, dogo, la mtu anayejaribu kiatu cha mwingine.

"Hodi."

Kwetu hodi hainyamaziwi. Hata adui huitikiwa, ukishamwitikia ndipo mnagombana. Nilikaa pale, maji ya bote yananichuruzika kwenye kiwiko. Akasema tena hodi. Akasema na ya tatu, hiyo ilitoka vibaya, ilikatika.

Ndipo akafanya alichotufundisha. Usipojibiwa, rudi nyuma. Alirudi kinyumenyume, macho chini, hakunipa mgongo, mguu ukitafuta ardhi kabla ya kukanyaga. Aliipita nyumba ya jirani namna hiyo. Watoto waliokuwa wakicheza mpira waliacha wakamtazama. Siku ile ya Dido, alipoitoa mara ya kwanza asijibiwe, alikuwa nayo kanuni hiyo, aliijua vizuri kuliko sisi, na hakuifuata.

"Nani huyo?" Mama mkubwa aliuliza kutoka ndani.

Nilimwambia ni mtu amekosea nyumba. Nilisubiri mpaka Shefu akapotea kwenye kona, nikautoa mkono mdomoni, na sauti ikatoka, ndefu, fupi, nyembamba kama ilivyo yangu. Sikuwa namjibu yeye. Nilikuwa namwambia Dido kwamba ni mimi, asiogope, abaki palepale, asitoke.